C ya Fizikia

Mtandao umekatika tena.
Mbeleje anaipiga kompyuta kwa kiganja,
kama mtu ampigaye mgongoni mtoto aliyepaliwa na karanga.
"Mnabadilisha tahasusi au mnaangalia picha?"
Foleni imefika hadi duka la dawa za mifugo.
Mwisho ni leo, saa sita usiku,
na huko Handali Mama yuko shambani na debe lake,
anafukuza kwelea kwenye mtama.

Nyemo ameishika karatasi ya matokeo kwa ncha za vidole
kama andazi lililotoka sasa hivi mafutani.
Kiswahili, A. Historia, A. Jiografia, A.
Hisabati, B.
Fizikia, C.

Mjomba Senyagwa amepiga simu mara tatu kutoka Morogoro:
PCB! Ukoo huu haujapata daktari,
presha yangu inamsubiri nani?
Mimi nimesema HGL.
Nimesema, mdogo wangu, pita njia unayoijua.
Nimesema, A haziokotwi.

Nina haki ya kusema.
Miaka tisa iliyopita nilijaza PCM
kwa kuwa wavulana wote wa darasa letu walijaza PCM.
Miaka miwili nikakariri kanuni
kama mtu anayekariri majina ya ukoo asiozaliwa.
Matokeo yalipotoka Baba hakunisema.
Alikwenda zizini akahesabu ng'ombe,
akarudi, akakaa, akaenda kuwahesabu tena.
Walikuwa wanne.
Nilipoondoka kwenda kidato cha tano walikuwa saba.

Sasa natengeneza pampu za visima,
Handali, Mvumi, hadi kule Manda.
Nazipenda. Mikono yangu haiulizi mtu.
Ndiyo maana nasema HGL,
ndiyo maana namsukuma kiwiko: haya, bonyeza,
mtandao umerudi.

Habonyezi.

Anaitazama ile C.
Nami nikaitazama, na hapo nikakumbuka
mambo ambayo karatasi haikuandika.
Kwamba mwalimu Mkasanga alihamishwa Nyemo akiwa kidato cha pili
na tangu hapo fizikia shuleni kwao ilifundishwa na ubao.
Kwamba kitabu kilikuwa kimoja, hakina jalada,
ukurasa wa sitini na moja hadi wa themanini vililiwa na mchwa,
na yeye alizikisia zile zilizoliwa
kwa kusoma zilizotangulia na zilizofuata.
Kwamba siku moja alinishikia spana kisimani
akaniuliza: kaka,
ikiwa hewa ina nguvu ya kuyasukuma maji mita kumi tu,
haya ya chini mita arobaini yanapandaje?
Sikujua.
Nilimwambia, shika spana vizuri.

A zile walimpa walimu wake, na walikuwa walimu wema.
C hii aliichimba peke yake,
usiku, kwa tochi ya simu yangu,
mimi nikigombeza chaji.

Na mimi nilikuwa nikimpimia kisima chake
kwa kamba yangu iliyokatika.

"PGM," akasema, si kwangu, kwa Mbeleje.
"Jiografia iko katikati.
Itawashika mkono hao wawili."
Akabonyeza mwenyewe.
"Ukishindwa?" nikauliza. Lilinitoka tu.
"Utanifundisha pampu," akajibu,
akiikunja karatasi mara nne.

Elfu mbili kwa Mbeleje. Chenji hana, katupa peremende.
Mjomba akapiga tena; hatukupokea.

Njia nzima ya kurudi nyumbani, vumbi likitangulia,
akanieleza habari ya mita arobaini:
kwamba pampu haivuti kutoka juu,
iko chini kabisa, inasukuma,
na valvu, na uzito wa safu ya maji.
Pampu zangu mwenyewe hizo, ninazozifungua kila wiki.
Sikuelewa yote.
Nikamwambia arudie, aanzie kwenye hewa.