Ada ya Viraka

Proforma imefika asubuhi, kurasa mbili,
nembo ya bluu juu, chini muhuri wa Dar.
Ada ya masasisho: seva moja, mwaka mmoja,
kwa dola.
Sisi zabibu tunauza kwa shilingi.

Sechelela wa uhasibu anaigeuza nyuma,
kama mtu anayetafuta bei ya kweli imeandikwa wapi.
"Mfumo si tulishanunua?"
Namwambia mfumo wenyewe ni bure,
tunacholipia ni viraka.
Anacheka. "Nguo ya bure, kiraka dola mia nane."

Chumba cha seva kilikuwa stoo ya salfa,
bado kinanuka. Vumbi la Hombolo
linapita kwenye dirisha lisilofunga.
Ndani ya boksi lile jeusi zimo kilo za watu:
Chilongani, kreti arobaini na moja, Februari;
mjane Nhonya, kreti tisa, hajalipwa.

Upo mfumo mwingine. Viraka vyake huja bila ankara,
vimeshonwa na watu nisiowajua, usiku wa kwao.
Vikikosea, nimpigie nani?
Wale wa nembo ya bluu wana namba ya simu.
(Niliipiga mara moja. Muziki, dakika arobaini,
kisha sauti ya upole ikaomba namba ya mkataba,
na mkataba ulikuwa umekwisha Ijumaa.)

Mwaka ule hatukulipa. Hakuna kilichozimika.
Hilo ndilo baya: mashine isiyosasishwa haikohoi.
Ilihesabu, ikatoa risiti,
hadi siku moja ya mavuno ikatuamkia na maandishi
ya kudai fedha, mafaili yote yamefungwa.
Tukazunguka na daftari na penseli, mlango kwa mlango:
wewe ulileta ngapi?
Hakuna aliyekumbuka pungufu.

Baba yangu hakununua mzabibu hata mmoja.
Vipando alipewa na jirani, fungu zima, bure.
Halafu kila msimu mkasi, salfa, siku za kupogoa,
mgongo.
Mgongo hakuuandika kwenye hesabu.

"Basi andika," anasema Sechelela, anavuta kikokotoo.
"Saa zako ngapi kwa mwezi?"
Nasema nane. Ananitazama. Nasema kumi na nne.
"Na ukiugua? Na wizara ikikuita mjini, kwenye kiyoyozi?"
Sina jibu.
Anaandika: kijana wa pili, afundishwe. Anaweka kiasi.
Anajumlisha. Tofauti na ile ya dola
ni ndogo, ndogo ya kuudhi,
bei ya kreti sita.

Nje mizani inagonga,
mtu anagombania kilo mbili.
Kesho bodi itauliza ipi rahisi.
Sechelela anaikunja proforma mara nne,
anaisukuma chini ya mguu wa meza unaoyumba.
Meza inatulia.
"Hiyo imeshafanya kazi," anasema.
"Sasa huyo kijana yuko wapi?"