Insha Namba Kumi na Saba

Tartu, mwezi wa Februari. Mto umeganda,
nasi wanachama kumi na mmoja wa Chama cha Falsafa
tumekaa na makoti mwilini,
kwani Virve, mweka hazina, amezima kipasha joto
kabla hajatusomea hesabu.

Zimebaki yuro tisini na mbili.
Tuzo ya wanafunzi ni mia nne.
Endel, aliyeianzisha, yuko makaburini tangu Oktoba
na fungu lake limekwenda naye.
"Tuifute," akasema mtu, "mwaka huu tu."
Nani asiyejua mwaka huu tu huzaa mingapi?

Mimi nilikuwa na insha kumi na tisa mkobani,
hazina majina, namba tupu.
Nilizisoma jikoni siku tatu usiku, supu ikichacha.
Nyingi zilijua kutembea, chache zilijua ziendako.
Ya kumi na saba ilikuwa na doa la mafuta ukurasa wa nne
na swali moja iliyoling'ang'ania kama mbwa na mfupa:
ahadi ni deni, sawa,
lakini mdai akifa, deni linadaiwa na nani?

Sikutoa hotuba. Nilisoma ule ukurasa wenye doa:
Marehemu hadai.
Ndiyo maana kumlipa yeye ndiko kulipa hasa,
bila kumwogopa, bila kutaka atuone.

Kimya. Mtu akakohoa.
Kisha mzee Haljand, bahili wa kupindukia,
anayechemsha majani ya chai ya jana,
akaweka noti ya hamsini mezani
akikunja uso kama mtu aliyekanyagwa kidole.
Wengine tukaanza kupapasa makoti.

Tulipofungua bahasha: Leelo Pihlamets,
mwaka wa pili wa uzamili,
muosha vyombo kantini ya kiwanda cha maziwa.
Alikuja kupokea, shavu la kushoto limevimba.
Akauliza, macho chini, kama kanuni za tuzo
zinaruhusu kutibu jino.

Virve akapekua katiba ukurasa kwa ukurasa
(Virve hupekua kila kitu)
akasema haikatazi.

Insha haijachapwa. Wahariri wawili wameikataa,
wa tatu hajajibu.
Lakini juzi nilimwona Leelo darajani
akitafuna tufaha kwa upande wa kushoto,
akibishana na mtu asiyekuwepo,
na kwa jinsi alivyosimama ghafla katikati ya theluji,
nadhani huyo mtu alikuwa amemshinda hoja.