Hesabu Nyuma ya Kalenda

Kalenda ya mwaka jana ina mgongo mweupe.
Nimeilaza mezani, nikachonga penseli kwa kisu cha kubebeshea,
nikaandika juu kabisa: MIAKA 56.
Nikaifuta ile sita.
Nikairudisha.
Kalenda haidanganyiki, hata ikilala kifudifudi.

Mikorosho mia na arobaini na mitatu,
kuanzia mpakani kwa Nantumbwe hadi ukingo wa uwanda,
ambako asubuhi bonde la Ruvuma halionekani, ni ukungu mtupu.
Na mimi nimebeba ukungu wangu, wa njano,
misimu ishirini na tisa:
mashine mgongoni ikinguruma, kitambaa puani,
salfa kwenye kope, kwenye chai, kwenye foronya.
Somoe hunijua kwa harufu kabla sijapiga hodi.

Kliniki ya Kitangari, Jumanne.
Nesi Salumini akanifunga mkono, akapuliza,
akapuliza tena, kama mkulima asiyeamini mizani ya ghalani.
Mia sitini na nane juu ya mia na mbili.
"Baba Hamza, unafanya kazi gani?"
"Kama wewe. Napuliza."
Hakucheka. Aliandika.
Kidonge kimoja kila asubuhi,
si siku ukijisikia vibaya, kila asubuhi.
Chumvi nusu. Uraka sifuri.
Akauliza habari za kifua. Nikakohoa.
Akaliandika hilo kuwa jibu.

Basi, naandika na mimi.
Mikorosho mia moja atapuliza Chinguile, mtoto wa dada:
mafungu mawili yangu, moja lake.
Somoe, jikoni, bila kugeuka:
"Nusu kwa nusu. Goti lako halina ubavu wa kupatana bei."
Nimeandika nusu kwa nusu.

Arobaini na mitatu iliyobaki ni mizee, ya baba.
Bwana shamba alikuja na pikipiki, na viatu visivyo na vumbi.
"Shina likizeeka, kata. Likichipua, bebesha kikonyo kichanga.
Mwaka wa tatu unavuna."
Nilimtazama kwa muda yule kijana.
Mimi ukinikata, bwana shamba, sichipui.
Alicheka yeye peke yake.

Lakini kikonyo nakijua. Mkono bado hautetemeki.
Kwa hiyo: kitalu nyuma ya jiko,
miche mia nane, kazi ya kigoda,
kisu, utepe, kivuli cha makuti.
Maji, dumu mia tano kiangazi;
huku juu maji ni mkwe, hayaji mpaka yaitwe kwa heshima.
Vidonge na bima: malipo ya kwanza ya korosho,
kabla ya mabati,
kabla ya harusi ya mtu yeyote, hata awe nani.

Nikajumlisha. Mche wa leo utazaa nikiwa na hamsini na tisa.
Utakolea nikiwa na sitini na sita.
Hapo penseli ikasimama,
si kwa kukosa ncha.

Somoe akaja na kisamvu, akakiweka juu ya hesabu,
akasoma yanayochungulia pembeni ya sahani.
"Na mimi nipo ukurasa gani?"
Akavinyoosha vidole vyake mezani:
miaka ishirini ya kubangua, mafuta ya ganda yamekula alama zote.
Siku ya kuandikisha simu kile kidude kilimkataa mara nne,
kikasema hana vidole.
Mgongo wake sikuuandika. Macho yake, moshi ule, sikuyaandika.
Nimepanga mikorosho mia na arobaini na mitatu
na mtu mmoja.

Nikasogeza sahani. Hapakuwa na nafasi,
mgongo wa kalenda umejaa mimi.
Akaigeuza, akatafuta mahali penye weupe
katikati ya tarehe zilizokwisha kupita,
akaishika penseli kwa vidole visivyo na alama:
Somoe, 53. Kliniki, Jumanne ijayo.
Wote wawili.

Kisha akaonja kisamvu, akakunja uso.
"Hakina chumvi."
Nikamwambia, ndiyo.
Tukala.