Mizani

Lilikuja Grogan Jumatano asubuhi, likichechemea,
Isuzu ya mwaka themanini na tisa,
zamani zahanati ya kutembea, sasa nyumba:
mapazia ya kitenge, sufuria zikigongana,
na ubavuni, chini ya rangi mpya ya krimu,
msalaba mwekundu bado unachungulia.

Akashuka mwenyewe, Bi Truphosa Amukowa,
muuguzi mstaafu, viatu vyeupe bado miguuni.
Akanisimulia gari kama mtu anayekabidhi zamu:
"Linavuta kushoto tangu Naivasha.
Lori likitupita kwa kasi, linayumba.
Nalishika kwa mikono miwili hadi mabega yanalia.
Nataka kufika Loiyangalani kabla magoti hayajakataa."

Nikaanza nilipofundishwa kuanza: chini.
Upepo kwanza. Gurudumu moja lilikuwa na njaa,
jingine limevimbiwa.
Musembi akaushika usukani, akautikisa,
nami chali juu ya katoni, mto ukinuka mgongoni,
nikasikiliza: tak. Kimya. Tak.
Usukani unasema, tairi halijasikia.
Tairodi zimelegea kama meno ya utotoni,
kingpini zimekula bushi, bushi zimekula grisi,
na grisi yenyewe imekuwa udongo.

Siku mbili. Nyundo, jeki, matusi machache.
Nilichoweza kununua nikanunua, nisichoweza nikachongesha.
Nikanyoosha uzi wa cherehani
kutoka tairi la nyuma hadi la mbele,
alaimenti ya maskini, misumari minne,
na uzi haukunidanganya.

Tukalitoa hadi Barabara ya Jogoo.
Likavuta kushoto.

Sijui kama umewahi kuaibishwa na chuma.
Usiku ule niliifungua ekseli nzima kichwani,
nikaifunga, nikaifungua.
Karibu na alfajiri akanijia mwalimu wangu wa darasa la saba,
rula mezani, nane, nane tena:
"Upande mmoja ukizidi, shairi linaanguka.
Hesabu mizani, wewe!"

Mizani.

Kariobangi, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu,
tukapandisha magurudumu ya kulia, kisha ya kushoto.
Kilo mia tano na arobaini.
Hiyo ndiyo tofauti, si uzito.

Nikavua viatu, nikaingia ndani kwa mara ya kwanza.
Kushoto: tangi la maji, mitungi miwili ya gesi, friji,
kitanda cha chuma cha wodini, kabati, gunia la mahindi,
vyote vimebanana kama foleni ya chanjo.
Kulia: sakafu tupu, imepigwa deki inang'aa,
upana wa mtu aliyelala.

"Mama, hapa mbona pako wazi?"
Akapatazama kama hajawahi kupaona.
"Hapo ni pa machela," akasema.
Kisha hakusema tena.
Miaka ishirini na sita mikono yake ilimwachia nafasi
anayeletwa akivuja damu,
anayeshikwa na uchungu njiani,
na hakuna aliyeiambia mikono kwamba zamu imekwisha.

Tangi tukalisogeza katikati, juu ya ekseli.
Kitanda tukakihamisha sisi watatu.
Akatandika shuka mwenyewe, kona zimekunjwa kihospitali,
akajilaza pale kujaribu, viatu vikining'inia nje.
Akakaa hivyo kitambo.
"Kumbe paa walikuwa wakiliona hivi," akasema.
"Lina kutu pale pembeni. Hakuna aliyewahi kuniambia."

Barabara ya Thika, kabla ya msongamano.
Themanini kwa saa. Lori la saruji likatupita,
nyumba ikashtuka kidogo, ikatulia.
Akauachia usukani, pumzi moja, mbili.
"Bado linaegemea kushoto. Kidogo."

"Huo si ugonjwa wa gari, mama.
Barabara ina mgongo, ili mvua iteremke.
Huo hautengenezwi.
Huo unaushika tu."

Akarudisha kidole kimoja kwenye usukani,
kama anayetafuta mpigo wa mshipa.