Julai Mosi, Mtaa wa Masson

Julai mosi Montreal yote huhama,
mikataba ya nyumba ikifa siku moja,
na kando ya barabara makochi hukaa
kama wageni walionyimwa karamu.

Kizuri chajiuza, wasema, kibaya chajitembeza.
Kiti hiki hakikufanya lolote.
Kilikaa tu mvuani, mguu mmoja mfupi,
mpaka Fernande akakikalia, akasema:
"Huyu wetu."
Si hiki. Huyu.

Tukampandisha ngazi ya chuma, ile ya nje,
inayojisokota kama konokono,
mimi nyuma, uso ndani ya mto
wenye harufu ya mbwa wa watu.

Rangi, dola nne:
mtu aliagiza ichanganywe, kisha akaikana.
Kopo lilisema maziwa;
ukutani ikawa kiini cha yai.
Pazia ni shuka la mama mkwe.
Meza ni mlango uliotupwa na mafundi,
kitasa kingalipo,
na kila mgeni hukizungusha akingoja supu.

Mguu mfupi tumeuwekea mkataba wetu,
umekunjwa mara nne.
Mwenye nyumba akiutaka,
itabidi angoje mtu asimame.