Mguu Mwingine

Mtaa wa Azikiwe, benki hazijafungua.
Natandika gunia, napanga brashi,
ya nyeusi huku, ya kahawia huku,
na kopo la kiwi lililobonyea kifuniko.

Anakuja kijana wa suti, sawa na mjukuu wangu,
anapandisha mguu juu ya kisanduku.
"Shikamoo, mzee." Macho kwenye simu.
"Marahaba," naitika,
na kiganja changu kimeshakamata kisigino chake.

Sasa hapo, nani kamshika nani miguu?

Babu yangu Kaijage alizaliwa juu ya ardhi ya mtu.
Migomba alipanda yeye, na baba yake kabla yake,
lakini shamba lilikuwa nyarubanja, la mtwazi,
na kila msimu alibeba mkungu ulionona
na kibuyu cha lubisi kilichozibwa kwa jani,
akafika uani, akapiga magoti,
akapiga makofi polepole mpaka aitikiwe.
Siku nyingine aliitikiwa jua likiwa utosini.

Hakuwa akiabudu. Alikuwa akilipa.
Magoti yale yalikuwa risiti:
nimekuja, nimeinama, usining'oe.
Na mtwazi akishaitika, naye kafungwa:
njaa ikiingia, mwizi akija usiku,
ni juu yake.
Babu alisema ahadi ya chini ilitimizwa kila mwaka;
ya juu, kwa kukumbushwa.

Serikali ikaja ikafuta nyarubanja.
Shamba likawa lake, mpaka na mpaka.
Bado akipita penye nyumba ile alivua kofia,
hata ilipobaki kuta mbili na popo.
"Kichwa kimesikia redio," alisema,
"magoti hayajasikia."

Hapa Dar ardhi imetoka kwenye neno,
neno limebaki linazurura.
Watoto wa Magomeni wanalirusha wakikimbia, shkamoo!
hawangoji hata jibu.
Tunashikana miguu kwa mdomo tu,
isipokuwa mimi.

Napaka, nasugua, navuta kitambaa.
Simu inaita. Kijana anajinyoosha,
anafunga kifungo cha koti, ingawa haonekani.
"Shikamoo, bosi. Ndiyo, bosi. Nimekosa, bosi."
Sauti yake imenyooka kabisa.
Lakini mguu unatetemeka mkononi mwangu,
ndani ya kiatu kinachong'aa.

Sikusema kitu. Nikaukaza kidogo, usianguke,
mpaka akakata simu.

"Mwingine," nikamwambia.