Ukurasa wa Ijumaa

Nilianza na gundi ya unga wa muhogo,
kwa kuwa ile ya dukani ilikuwa elfu mbili
na mia mbili zangu za fotokopi zilikuwa zimekwenda.
Drani hakuuliza ni tangazo la nini.
Alinyooshea kidole mlango wake wa bati,
kati ya picha za pasipoti na bei ya kufunika vyeti kwa nailoni:
"Bandika hapo. Mvua ikinyesha, shauri yako."

*Ukurasa mmoja, kila Ijumaa.*
Ahadi hiyo niliiandika juu kabisa, kwa herufi kubwa,
kabla sijawa na hadithi ya wiki ya pili.
Chini nikaweka jina langu lote, Letaru Scovia.
Mkono ulisita kwenye jina kuliko kwenye hadithi.
Kuandika ni siri ya mtu na daftari lake;
kubandika ni kutoka nje na kitenge kimoja
ukiomba upepo uwe na adabu.

Wiki ya kwanza hakusoma mtu.
Wiki ya pili, nadhani nzi.
Wiki ya tatu nilipita jioni, najifanya natafuta bodaboda,
nikakuta muuza karanga ameubandua,
ameusokota pembe safi kabisa,
mjane wangu kajazwa karanga za mia tano.
Nikazinunua. Nikala njia nzima.
Karanga zilikolea chumvi.
Hadithi ndiyo haikukolea; nilijua kabla sijafika Ediofe.

Mchana mimi ni karani wa mizani:
simsim kilo arobaini, simsim kilo sitini na moja,
toa uzito wa gunia, andika, mwite anayefuata.
Mizani haijaniuliza hata siku moja
kama leo nimeamka na hamu.
Gunia likija, unapima.

Usiku umeme wa Arua huondoka bila kuaga.
Naisimamisha simu ndani ya kikombe, tochi juu,
na sentensi inagoma.
Nafuta. Narudisha. Nafuta tena "machozi yakamtiririka",
maana nani hajawahi kuyaona machozi hayo?
Naandika: *akaosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.*
Hapo mjane akageuka, akanitazama.

Wiki ya tisa, chini ya nukta yangu ya mwisho,
kalamu ya bluu, mwandiko wa mtu mwenye haraka:
*Ukurasa wa sita ng'ombe watatu. Leo wanne. Yupi kazaa?*
Nilicheka hadi Drani akazima mashine.
Kuna mtu anahesabu ng'ombe wangu!
Dereva wa lori la Ariwara, akasema Drani,
hupita hapa kutoa nakala za karatasi za forodha.
Sikuwahi kumwona.
Nikamzalisha ng'ombe usiku huo, kwa shida, ndama akitanguliza miguu ya nyuma,
na ukawa ukurasa wangu wa kwanza usio na uongo.

Kisha malaria.
Ijumaa ilipita juu ya kitanda changu, nikaisikia,
sikuweza kuishika hata pindo.
Nilipoinuka nikaenda polepole, ukuta kwa ukuta,
nikakuta bati tupu, alama nne za gundi kavu,
na katikati, kalamu ya bluu: *Ijumaa imepita.*
Chini yake penseli, mtu mwingine: *Tulikuja.*
Chini zaidi, herufi kubwa zilizolala upande:
*HATA MIMI. KARANGA NIMEFUNGIA GAZETI.*

Sijapata kitabu.
Bwana mmoja wa Kampala, mwenye ofisi ya vitabu,
aliniambia kwa simu nirudi nikiwa na wasomaji.
Nilimwambia asubiri kidogo, unga unaungua.
Na kweli ulikuwa unaungua.

Kesho ni Ijumaa.
Mvua inanukia kutoka upande wa Kongo,
na yule ndama
bado sijampa jina.